Farasi Koo na Urithi Wake: Mfano wa Urban Sea

Tangu zamani wafugaji wamegawanyika katika swali moja: mnyama hupata ubora wake kwa baba au kwa mama? Wako waliomhesabu dume kuwa ndiye chanzo cha kila sifa, na jike kuwa shamba tu lipokealo mbegu. Wako pia walioamini kinyume chake. Mwishoni mwa karne ya 19, Bruce Lowe, mtu wa Australia, alizipa namba familia za farasi wa mashindano kwa kufuata mstari wa mama peke yake, akidhani kuwa nguvu ya ushindi inakaa katika mstari huo.

Elimu ya urithi inatuwezesha kulipima swali hili kwa hesabu. Farasi wa aina ya Thoroughbred wanafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu nasaba zao zimeandikwa kwa muda mrefu. Juzuu la kwanza la daftari lao la Uingereza lilitolewa mwaka 1793. Makala hii inamchunguza farasi koo mmoja, yaani jike afugwaye kwa ajili ya kuzaa. Jina lake ni Urban Sea.

Maisha ya Urban Sea

Urban Sea alizaliwa Marekani, katika jimbo la Kentucky, mwaka 1989. Baba yake aliitwa Miswaki na mama yake Allegretta. Mwaka 1993 alishinda mbio za Prix de l'Arc de Triomphe huko Longchamp, Paris, ambazo ni miongoni mwa mbio kubwa kabisa za Ulaya. Baada ya hapo aliachishwa mashindano, akawekwa kuzaa.

Miongoni mwa wanawe alikuwako Melikah, jike aliyezaliwa mwaka 1997. Mwaka uliofuata alizaliwa Galileo, dume aliyeshinda Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 2001. Mwaka 2006 alizaliwa dume mwingine, Sea The Stars, naye akashinda Derby na Prix de l'Arc de Triomphe mwaka 2009. Galileo na Sea The Stars walikuwa na baba tofauti: wa kwanza ni mwana wa Sadler's Wells, wa pili ni mwana wa Cape Cross. Walichoshirikiana ni mama. Urban Sea mwenyewe hakuwahi kuuona ushindi huo wa mwaka 2009, kwani alikufa mwezi wa Machi mwaka huo huo, muda mfupi baada ya kuzaa.

Kinachotoka kwa mama

Kila seli ya mwili wa farasi ina kromosomu 64, yaani jozi 32. Katika kila jozi, kromosomu moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo mtoto hupata nusu ya urithi huo kwa kila mzazi, na katika jambo hili dume hana fadhila juu ya jike.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo mama huyatoa peke yake. Kwanza, mtoto dume hupata kromosomu ya X kwa mama tu, kwa kuwa baba humpa ile ya Y. Pili, ndani ya seli kuna sehemu ndogo ziitwazo mitokondria, ambazo hutumia oksijeni kutengeneza nishati. Mitokondria zina jeni zake chache, 37 tu, ambazo hurithiwa kutoka katika yai la mama. Mitokondria za mbegu ya kiume hazidumu katika kiumbe kipya.

Aidha, mama humlea mtoto tumboni kwa muda wa miezi 11 hivi, kisha humnyonyesha. Malezi hayo hayabadili mpangilio wa jeni, lakini huathiri ukuaji wa mtoto. Ndiyo maana si sahihi kusema kuwa kila sifa inayofanana kati ya mama na mwana imetokana na jeni.

Njia mbili hadi kwa Masar

Mwaka 2018 Derby ya Epsom ilishindwa na dume aitwaye Masar. Nasaba yake inamfikia Urban Sea kwa njia mbili:

Kwa upande wa baba: Urban Sea – Galileo – New Approach – Masar.

Kwa upande wa mama: Urban Sea – Melikah – Villarrica – Khawlah – Masar.

Katika njia ya kwanza, Galileo alipata nusu ya urithi wake kwa Urban Sea, New Approach robo kwa wastani, na Masar sehemu ya nane. Lakini Galileo alikuwa dume. Mitokondria alizopewa na mama yake hazikuweza kupita kwake kwenda kwa New Approach. Kromosomu yake ya X nayo haikupita, kwa sababu mwana wa kiume hupewa Y ya baba. Katika njia hii, basi, vile vitu viwili vya pekee vya mama vilikoma kwa Galileo.

Katika njia ya pili, Melikah alipata nusu, Villarrica robo, Khawlah sehemu ya nane, na Masar sehemu ya kumi na sita. Fungu ni dogo zaidi, lakini mitokondria zilipita bila kukatika, kwa kuwa njia nzima ni ya majike mpaka kwa Masar mwenyewe. Naye, kwa kuwa ni dume, hawezi kuzirithisha.

Mafungu hayo mawili yakijumlishwa hupatikana 3/16, yaani karibu sehemu 19 katika 100. Galileo alipata umaarufu mkubwa kama baba wa farasi, akiwa dume bora wa mwaka Uingereza na Ailandi mara 12. Hakufanya hivyo kwa mitokondria za mama yake. Kwa hiyo mstari wa mama peke yake, kama alivyoufuata Lowe, hauelezi urithi wa Urban Sea. Wala mstari wa baba peke yake hauuelezi.

Kwa nini dume huonekana mkubwa

Farasi jike huzaa kwa kawaida mtoto mmoja kwa mwaka. Dume mashuhuri huweza kupandishwa majike zaidi ya 100 katika msimu mmoja. Ukubwa wa jina la dume, basi, unatokana kwa sehemu kubwa na wingi wa watoto. Tena, dume mashuhuri huletewa majike yaliyo bora, na jike bora hupelekwa kwa dume bora. Anayewasifu watoto bila kukumbuka uteuzi huo atampa mzazi mmoja sifa ambayo ni ya wote wawili.

Jike ana njia moja ya kueneza jeni zake kwa wingi: kuzaa dume atakayechaguliwa. Hivyo ndivyo Urban Sea, aliyezaa watoto wachache, alivyofikia vizazi vya maelfu ya farasi.

Hatari iliyomo

Mafanikio hayo yana gharama. Jina moja likitokea pande zote mbili za nasaba, mtoto aweza kupewa nakala mbili za jeni ile ile ya mzee mmoja. Kama jeni hiyo ina kasoro iliyofichika, kasoro hujitokeza. Kwa Masar, wanyama wanaounganisha baba na mama yake kupitia kwa Urban Sea ni sita. Kila mmoja huhesabiwa kuwa nusu. Nusu hizo sita zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe hupatikana 1/64. Hicho ni kiasi kidogo, lakini wazee wengine wanaorudiwa huongeza hesabu hiyo.

Uchunguzi wa jeni uliotolewa mwaka 2020, uliohusu farasi zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa undugu kati ya wazazi wa Thoroughbred umekuwa ukiongezeka kwa miongo kadhaa. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa farasi waliozaliwa na wazazi wenye undugu wa karibu zaidi wana nafasi ndogo ya kufika hata katika uwanja wa mbio.

Somo hili linawahusu pia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Afrika Mashariki. Kwa uhimilishaji, ambao hauruhusiwi kwa Thoroughbred, fahali mmoja huweza kuwa baba wa ndama wengi mno wilayani. Mfugaji asiyeandika jina la fahali na la ng'ombe koo aweza kumrudisha mtamba kwa baba yake bila kujua. Daftari la nasaba lenye majina ya wazazi wote wawili ni kinga isiyo ghali.

Maswali

1. Chora nasaba ya Masar kwa njia zote mbili. Weka alama kwa kila mnyama aliyepata mitokondria za Urban Sea.

2. Sea The Stars akizaa mtoto jike, je, mtoto huyo atapata kromosomu ya X ya baba yake? Atapata mitokondria za Urban Sea? Eleza.

3. Fahali amepandishwa kwa binti yake mwenyewe. Ndama atakayezaliwa atakuwa na fungu gani la urithi wa fahali huyo, kwa wastani?