Mradi umekwisha, tafakuri niandike nini?

Swali: Mwalimu, nimetafiti mafuriko ya Mto Tana na kujenga kielelezo cha nyumba ya nguzo. Kwenye tafakuri niandike nini? – Mwanafunzi, Garsen

Jibu: Mwanangu, usijaze shukrani, msahihishaji amezisoma tangu asubuhi. Eleza ulipobadili mawazo. Urefu wa nguzo uliupata wapi: uliwauliza wazee maji ya El Niño ya 1997 yalifika wapi ukutani, au ulikisia? Udongo mweusi wa huko huvimba ukilowa, hupasuka ukikauka. Ikiwa kielelezo kimesimama juu ya ubao badala ya udongo huo, kiri hivyo, kisha simamisha nguzo moja kwenye ndoo ya tope usiku kucha, uandike ilivyoinama. Na je, uliwahoji Wapokomo wakulima tu? Mworma anayehama na ng'ombe wake huenda nyumba hiyo isimfae.