Somo la Makatibu: Ufa Katika Fremu ya Guta

Wachukuzi wengi wa mizigo katika viunga vya Dar es Salaam, tangu Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Chamazi na Mbande upande wa Temeke, hutegemea guta la injini. Chombo hiki cha magurudumu matatu hubeba saruji, mchanga, mapipa ya maji, hata makabati ya maharusi, katika njia zenye mashimo wakati wa kiangazi na makorongo wakati wa masika. Fremu, ambayo mafundi huiita chesisi, ndiyo inayopokea taabu yote hiyo. Mara nyingi Katibu wa chama hupata habari za ufa wakati fundi amekwisha kuchomelea na rangi imekwisha kupakwa, naye hubakiwa na kazi ya kutia saini hati ya malipo. Yafaa afike mapema zaidi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba chuma huchoka. Katika miaka ya 1850 na 1860, mhandisi wa reli wa Prussia aitwaye August Wöhler alichunguza ekseli za mabehewa, akaonyesha kuwa chuma hukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule uwezao kukivunja kwa mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi sana. Ndivyo ilivyo kwa guta. Dereva husema kwa ukweli kabisa kwamba siku fremu ilipokatika alikuwa amebeba kidogo. Ufa ulikwisha kuanza miezi mingi nyuma, penye mabano ya springi, au pale sehemu ya mbele inapoungana na sehemu ya mizigo, au kando ya kiungo cha zamani, au katika tundu lililotobolewa ili kufungia kamba. Dalili yake ni mstari mwembamba wa kutu unaojitokeza juu ya rangi.

Kuna njia rahisi ya kuupima. Mahali panapotiliwa shaka pasuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha papakwe mafuta ya taa. Baada ya muda pafutwe pakauke, na juu yake ipakwe chaki ya unga. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari juu ya weupe wa chaki. Sasa fundi ataona ufa unaishia wapi, na kwa kawaida ni mbali kuliko alivyodhani. Mbele kidogo ya ncha hiyo atoboe tundu dogo kwa keekee, la milimita 3 hadi 5, ili ncha kali ya ufa ipotee na usiendelee kusafiri. Asiyetafuta ncha huchomelea katikati na kuacha mkia wa ufa ukiwa mzima.

Kabla ya moto kuwashwa, betri ifunguliwe na tangi la petroli liondolewe kabisa. Kulifunika kwa gunia lililoloweshwa maji si kuliondoa. Mzigo ushushwe na fremu iegemezwe kwa jeki mpaka inyooke, maana fremu iliyochomelewa ikiwa imepinda itabaki imepinda. Waya wa kurudisha umeme ufungwe karibu na kiungo, usipite upande wa pili wa beringi. Ufa uchongwe kwa grenda uwe kama mfereji, ili chuma kipya kiingie hadi chini. Vijiti vya kuchomelea viwe vikavu. Hewa ya pwani huvitia unyevu, na unyevu huzaa vitundu na nyufa ndani ya kiungo. Kazi ikiisha, iachwe ipoe yenyewe. Fundi anayemwagia maji ili mteja aondoke upesi anakifanya chuma kiwe kigumu na chepesi kuvunjika.

Kiraka kikihitajika, kiwe cha bati nene linalolingana na unene wa fremu, na ncha zake zikatwe mshazari. Desturi ya kulaza kipande cha nondo juu ya ufa ni ya kuachwa. Nondo hukaza mahali pamoja, na baada ya muda ufa mpya hutokea pale nondo inapoishia.

Hata hivyo, fundi hodari hawezi kutibu mzigo uliozidi. Kama kibao cha mtengenezaji kinaonyesha kilo 500, hiyo ni mifuko 10 ya saruji ya kilo 50, basi. Dereva anayepakia 16 huenda hafanyi hivyo kwa ukaidi. Anadaiwa hesabu ya siku, na tena anajua kwamba akiripoti ufa chombo kitasimama nayo hesabu itaendelea kudaiwa. Kwa hiyo hunyamaza na kuendelea kuendesha, hadi siku fremu itakapoachana barabarani akiwa na abiria aliyemwonea huruma juu ya mizigo. Bodi ya chama inayotaka kuambiwa ukweli haina budi kuamua kwa maandishi kwamba siku za matengenezo ya fremu hazina hesabu. Wanachama wengine watanung'unika kuhusu mapato. Mweka Hazina na awaonyeshe gharama ya fremu mpya pamoja na ya matibabu.

Katika daftari la chombo, Katibu aandike tarehe, mahali pa ufa na urefu wake kwa sentimita, jina la fundi na malipo. Kiungo akitazame mwenyewe kabla ya rangi, na asilipe kilicho na vitundu au mfereji pembeni. Baada ya juma moja la kazi, kisha baada ya mwezi, chaki irudiwe mahali pale pale. Ufa ukirudi kandokando ya kiungo, fundi asiitwe tena kuchomelea juu yake. Kipande hicho cha fremu kikatwe na kubadilishwa, na guta lisibebe chochote hadi hapo.