Chaki Abaki Nayo Yeye

Ukiwa mwaka wa 2 au wa 3 katika chuo kikuu cha Marekani, na hesabu unaziweza, idara inaweza kukuajiri umsaidie profesa: kukaa zamu kwenye chumba cha msaada, kuongoza vipindi vya mazoezi, kusahihisha. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 aanze na hesabu ya saa: muhula ukiendelea zisizidi 20 kwa wiki, kazi zako zote za chuoni zikijumlishwa.

Sasa mwanafunzi amekuja, swali la kalkulasi limemgomea. Mkono utakuwasha. Usichukue chaki. Ukimfanyia, ataitikia kila mstari, atashukuru, kisha kwenye mtihani atakwama palepale. Muulize kwanza swali linataka nini. Sisi tuliosoma hesabu kwa Kiswahili shule ya msingi, tukahamishiwa Kiingereza sekondari, tunajua mtu anavyoweza kukwamishwa na neno ilhali namba anaziweza.

Kisha akuoneshe alipofika. Mara nyingi kalkulasi yenyewe haina kosa. Kosa ni la aljebra ya zamani. Ameandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9. Usimwambie amekosea; mwambie aweke x = 1 pande zote mbili. Huku 16, kule 10. Nyamaza. Kimya hicho kitakusumbua wewe kuliko yeye, kwa hiyo hesabu moyoni hadi kumi. Akishtuka, achore mraba wenye upande wa x + 3, aione mistatili miwili aliyoisahau, kila mmoja una eneo la 3x.

Usipojua jibu, sema hujui, mkalitafute pamoja. Mimi wiki yangu ya kwanza nilibuni uthibitisho ubaoni. Wiki ya pili nikaanza kipindi kwa kuufuta.

Kwenye kusahihisha, maliza swali la 1 katika karatasi zote ndipo uende la 2, mkono wako usiwe mwepesi kwa huyu na mzito kwa yule. Aliyekosea mstari wa pili akaendelea vizuri kutoka hapo, akatwe mara moja au mara mbili? Muulize profesa kabla hujaanza, si karatasi ya arobaini. Alama za watu usizitaje bwenini hata kwa utani: zinalindwa na sheria ya FERPA ya 1974. Na karatasi ya unayeishi naye chumba kimoja, mpe msaidizi mwingine aisahihishe.