Usiache Mbachao: Jinsi ya Kuhamishia Kazi za Biashara Kwenye Wingu

Mwaka huu nimeona tuziache ngeli na mashairi kidogo, tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tutakutana nalo punde tu tukimaliza shule. Jambo lenyewe ni biashara kuhamisha hesabu zake kutoka kwenye tarakilishi ya dukani hadi kwenye kile kinachoitwa wingu.

Wingu ni nini?

Si lile wingu linalofunika kilele cha Vuria asubuhi, la hasha! Wingu hili liko ardhini, ndani ya majumba makubwa yaliyojaa seva, yaani kompyuta zenye nguvu zinazofanya kazi usiku na mchana. Mwenye biashara hukodi nafasi humo, kama mtu anayekodi ghala badala ya kujenga lake. Kampuni kubwa za kazi hii zina majumba hayo Afrika Kusini: Microsoft ilifungua yake mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Kwa hivyo karani wa Voi akibofya kitufe, hesabu yake yaweza kusafiri hadi Mombasa, ikaingia kwenye waya ulio chini ya bahari, ikafika Cape Town na kurudi, yote kwa muda wa kupepesa jicho.

Kwa nini watu wahame?

Tuseme kuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Voi, lenye tawi Wundanyi na jingine Taveta. Mauzo, stoo, madeni ya wateja na mishahara, yote yamo katika kompyuta moja chini ya kaunta. Vumbi letu jekundu mnalijua. Stima ikikatika, kama ilivyokatika karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, duka halijui linamdai nani. Mwizi akiibeba hiyo kompyuta, si amebeba biashara nzima? Na tawi la Taveta, lililo mbali kwa zaidi ya kilomita 100, kila mara lazima lipige simu kuuliza kama saruji ipo.

Basi tuhame leo leo? Ngojeni kwanza. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mkasa wa benki ya TSB

Mwezi wa Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hesabu za wateja wake zaidi ya milioni 5 kutoka mfumo wa zamani hadi mfumo mpya. Ilifanya hivyo kwa mkupuo mmoja, mwisho wa wiki moja. Kilichofuata kilikuwa kilio. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na wengine wakaonyeshwa akaunti zisizo zao. Uchunguzi ulionyesha kwamba mfumo mpya ulikuwa na vituo viwili vya seva, lakini ni kimoja tu kilichofanyiwa majaribio. Mwaka 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48.

Angalieni vizuri: kosa halikuwa kuhama. Kosa lilikuwa kuhama kwa pamoja, kabla ya kujaribu vya kutosha. Kama benki yenye mamilioni iliumia hivyo, duka letu je?

Hatua za kufuata

Kwanza, hesabu ulicho nacho. Andika kila kazi inayofanywa na kompyuta, nani anaitegemea, na duka litaweza kukaa saa ngapi bila hiyo. Usisahau ankara zinazotumwa KRA kupitia eTIMS, kwa kuwa hizo zimeshikamana na mauzo.

Pili, anza na kile kisichouma. Picha za risiti na barua zitangulie. Zikitulia, zifuate hesabu za stoo, kisha mishahara. Mauzo ya kaunta yawe ya mwisho, maana yakikwama hata nusu saa, wateja watavuka barabara waende kwa jirani.

Tatu, weka nakala ya akiba, kisha ijaribu. Watu wengi huishia kwenye kuiweka tu. Chukua kompyuta nyingine, irudishe ile nakala humo, uone kama madeni ya mwezi uliopita yanasomeka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu.

Nne, endesha mifumo miwili kwa pamoja kwa muda, tuseme mwezi mmoja. Kila jioni linganisha jumla. Zikitofautiana hata kwa shilingi 10, tafuta sababu. Wazee wetu wa Voi waliliona jambo hili kwa macho: reli ya kisasa ilipokuwa ikijengwa, reli ya zamani haikung'olewa kwanza. Treni ziliendelea kupita huku ile mpya ikitengenezwa, nayo ikaanza kubeba abiria mwaka 2017. Ni kweli utalipa gharama mara mbili mwezi huo, lakini hiyo ndiyo bei ya usingizi.

Tano, chagua saa na uwatangazie watu. Seva za M-Pesa zilipohamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya mwezi wa Aprili 2015, wateja walijulishwa mapema kwamba huduma ingesimama usiku. Duka letu nalo lisihame siku ya soko wala mwisho wa mwezi. Tena kata shauri mapema: ikifika saa kumi alfajiri na hesabu hazijalingana, tunarudi kwenye mfumo wa zamani, bila ubishi.

Sita, jiandae kwa siku mtandao utakapopotea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukazorota hapa Kenya na kwa majirani zetu. Tafuta laini mbili za kampuni tofauti, na kitabu cha risiti cha karatasi kisikose kwenye droo.

Saba, soma mkataba na sheria. Uliza kama utaweza kuchukua hesabu zako siku ukitaka kuondoka. Kumbuka pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo imeweka masharti kuhusu habari za watu zinazopelekwa nje ya nchi. Orodha ya wadeni wako ni habari za watu.

Tamati

Kwa ufupi, hatari ya kuhama hupungua ukienda kidogo kidogo na ukiacha njia ya kurudi wazi. Msala mpya ukishathibitika, hapo ndipo mbacha utakunjwa.

Zoezi

1. Katika duka tulilolitaja, kwa nini mauzo ya kaunta yahamishwe mwisho?
2. "Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu." Jadili.
3. Ukitumia mkasa wa TSB, tunga kisa kinachoafiki methali: Haraka haraka haina baraka.
4. Chunguza duka au ofisi moja karibu na kwenu. Orodhesha kazi zake na uzipange kwa utaratibu wa kuhama.