Kompyuta Inapokuza Kila Kitu

Kabla hujagusa chochote, zitazame herufi. Herufi kubwa zilizo safi ni tatizo moja, herufi kubwa zenye ukungu ni jingine, na dawa zake hazifanani. Inauma kuona mtu akiikimbiza kompyuta kwa fundi, ikapigwa Windows upya na picha za familia zikapotea, kwa jambo ambalo lingeisha pale pale mezani.

Anza na dogo. Kama kilichovimba ni kivinjari peke yake, shikilia Ctrl kisha bonyeza sifuri. Basi. Kuna mtu aliviringisha gurudumu la kipanya huku Ctrl imebanwa, na nyumba yenye watoto haikosi mkono wa kufanya hivyo. Na ukiona kipande tu cha skrini, nacho kinahama kila usogezapo kipanya, ujue kikuzaji kimewashwa: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Esc.

Ikiwa kila kitu ni kikubwa lakini herufi ni safi, bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, chagua "Display settings", ushuke hadi palipoandikwa "Scale". Rudisha kwenye asilimia yenye neno "Recommended". Laptopu kushauriwa 125 au 150 si kosa. Hapa ndipo pa kumsaidia mzazi ambaye macho yake yamechoka: mwongezee asilimia. Wengi humpunguzia resolusheni ili maandishi yakue, wakamwachia herufi zenye ukungu zinazomchosha zaidi.

Ukungu sasa. Skrini bapa ina idadi ya nukta isiyobadilika: laptopu nyingi ni 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080, na zile skrini za mtumba za inchi 17 au 19 zinazokaribia mraba huwa 1280 kwa 1024. Ukiipelekea picha ya 800 kwa 600, italazimika kuitandaza ienee, na ukungu unatoka hapo. Kwenye "Display settings" hiyo hiyo, palipoandikwa "Display resolution", chagua iliyoandikwa "Recommended". Windows itakuuliza kama uibakishe. Skrini ikiwa nyeusi usibonyeze kitu, baada ya sekunde 15 itarudi yenyewe.

Kigumu ni pale orodha inapogoma, ikikupa 1024 kwa 768 tu au ikikataa kabisa kubofywa. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua "Device Manager", kisha "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", kompyuta haina draiva yake ya picha. Hutokea sana baada ya kupigwa Windows na kurudishwa kwa mwenyewe kabla kazi haijakamilika. Unganisha intaneti, hata kwa simu kupitia waya wa USB, uendeshe Windows Update. Isipopatikana, soma modeli iliyobandikwa chini ya kompyuta na uitafute draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Programu za bure zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mpigo, ziache. Nyingi huja na takataka ambazo kuziondoa ni kazi nyingine.

Draiva ikiwa ya Intel, AMD au NVIDIA na orodha bado inagoma, tazama waya. Ule wa VGA, ambao kichwa chake mara nyingi ni cha buluu, una nafasi 15 za pini katika safu tatu, na baadhi ya pini ndizo zinazoiambia kompyuta hii ni skrini gani. Moja ikipinda, kompyuta hubaki inakisia. Zima vyote, chomoa, inyooshe taratibu kwa kibanio chembamba. Pini moja ya safu ya kati ikikosekana usishtuke, nyaya nyingi hutoka kiwandani bila hiyo. Kama una waya mwingine, ujaribu kwanza.

Waliounganisha kompyuta kwenye televisheni kwa HDMI hukuta kingo zimekatwa na saa ya chini imepotea nusu. Hapo kompyuta haina kosa, ni televisheni inayoikuza picha. Chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha, utafute "Just Scan" au "Screen Fit". Jina hutegemea kampuni, ila kingo zikirudi zote nne, umeipata.