Kava Mgongoni, Kesi Butini

Nina miaka kumi na minne ya kupiga gitaa la rithimu, na mara chache solo, katika bendi za Dar es Salaam: harusini, hotelini, kwenye baa ambazo jukwaa lake ni mbao nne juu ya kreti za soda. Muda wote huo sijavunjikiwa na gitaa lililokuwa ndani ya kava la kitambaa. Lililovunjika lilikuwa ndani ya kesi ngumu, yenye mahameli nyekundu na vifungo vitano vya chuma, kesi ambayo bei yake kamili sikumwambia mtu nyumbani.

Wengi wa rika langu tuliingia kwenye dansi tukiwa hatuna habari za kesi. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Ukimaliza kupiga unaweka gitaa kwenye rundo pamoja na spika na nyaya, kesho unalikuta jukwaani, na likiwa na ufa ni shauri la tajiri. Siku niliyonunua gitaa langu mwenyewe ndipo nilipoanza kuuliza litasafiri vipi, na majibu nimeyapata kwa kuungua.

1. Kesi ngumu inaokoa kiwiliwili, haiokoi shingo

Tulikuwa tunarudi kutoka Mbeya kwa basi. Kesi yangu ilikuwa butini, imelazwa vizuri, nimeipanga mwenyewe pembeni ya magunia ya mchele. Tulipofika Msamvu, Morogoro, abiria mmoja alishuka na mzigo wake ulikuwa nyuma kabisa, basi utingo akatoa vitu nje ili aufikie. Kesi akaisimamisha wima, ameiegemeza kwenye ubavu wa basi. Nilikuwa dirishani natafuna muhindi wa kuchoma, nikamwona mtu akiigusa kwa begi lake, nayo ikaanguka chali. Kishindo kidogo tu. Haikukanyagwa, haikurushwa. Utingo akaiokota, akaipangusa vumbi kwa mkono, akairudisha. Nikaendelea na muhindi wangu.

Nilipoifungua nyumbani, kichwa cha gitaa kilikuwa kinaning'inia kwenye nyuzi kama kuku aliyechinjwa. Sehemu nyingine yote, hata mkwaruzo hakuna.

Fundi aliyelitengeneza ndiye aliyenifafanulia. Lile gitaa lilikuwa la umbo la Les Paul, muundo ambao Gibson waliutoa mwaka 1952. Kichwa chake hakifuati mstari wa shingo. Kimelazwa nyuma, na kwenye muundo wa asili ulalo huo ni kama digrii 17. Shingo hukatwa kwenye ubao wa mahogani, ndugu wa mkangazi wetu, na pale inapopinda nyuzinyuzi za mti zinakuwa zimekatwa mshazari. Hapohapo ndipo kuna tundu la kufikia chuma cha kunyooshea shingo, kwa hiyo mbao iliyobaki ni nyembamba. Juu ya udhaifu huo kuna nyuzi sita zilizokazwa, ambazo kwenye gitaa la umeme huvuta kwa pamoja uzito wa kilo 45 hivi, na kwenye gitaa kavu la nyuzi za chuma zaidi ya kilo 70. Kesi ikianguka chali, sanduku linasimama ghafla lakini kichwa bado kina mwendo. Hakuna kitu chini yake cha kukizuia. Kinakatika.

Ndiyo maana siku hizi sifungi kesi kabla sijafanya mambo mawili. Nakunja kitenge cha zamani, nakishindilia chini ya kichwa na kuzunguka pande zake hadi nikiitikisa kesi nisisikie chochote kikicheza. Kisha nalegeza nyuzi kidogo, sauti moja au mbili chini. Sizilegezi kabisa, kwa sababu shingo nayo imezoea mvuto ule. Matengenezo yale yalinigharimu shilingi 85,000 na wiki tatu za kuazima gitaa la watu.

Magitaa ya aina ya Fender yana afadhali. Kichwa chake kimenyooka na shingo, na shingo yenyewe imefungwa kwa skrubu nne, hata ikivunjika unanunua nyingine. Nikiulizwa na kijana anayeanza, huwa namwambia achague gitaa lenye kichwa kilichonyooka kabla hata hatujafika kwenye habari za kava na kesi.

2. Swali ni nani atalishika

Watu hupenda kuuliza kipi bora, kava au kesi. Nimeacha kulijibu swali hilo jinsi linavyoulizwa. Nauliza langu: kutoka mlangoni kwako hadi jukwaani, gitaa litapita mikononi mwa nani?

Kama ni mikono yangu tu, nachukua kava. Kava linakaa mgongoni, mikono inabaki huru kushika bomba la daladala na mfuko wa nyaya. Nikikaa napakata. Nikipanda bajaji linasimama katikati ya magoti. Tangu linatoka nyumbani hadi linafika, mwili wangu ndio sponji yake, na mwili unaogopa kugongwa kuliko sanduku lolote.

Ila dakika mtu mwingine atakapolipokea, awe utingo, mpagazi wa bandarini au yule shabiki aliyelewa anayetaka kusaidia kupakia, kava halifai. Si kwamba watu hao ni wabaya. Kwao kava jeusi ni begi la nguo, na juu ya begi la nguo huwekwa begi jingine. Kesi inajitangaza kwamba ndani kuna kitu. Boti ya Zanzibar inachukua kama saa mbili, na rundo la mizigo pale Dar hupanda hadi kiunoni kabla haijang'oa nanga. Humo kava langu halijawahi kuingia na halitaingia.

3. Mgongo nao una bei yake

Gitaa la umbo la Les Paul lina kilo nne na zaidi. Kesi yake ya mbao ina nyingine tano hivi. Ibebe kilo tisa hizo kwa mkono mmoja kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi unapopata usafiri wa kwenda Kinondoni, halafu usiku huohuo ujaribu kupiga rithimu ya sebene kwa saa nne. Vidole vinakataa. Nimewahi kuanza onyesho mkono wa kushoto ukitetemeka, na si kwa woga.

4. Kava nalo lina aina zake

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kile kitambaa chembamba cha nailoni wanachokupa bure na gitaa jipya dukani ni cha kuzuia vumbi. Ukikibonyeza kwa vidole viwili vidole vinakutana. Kava la kusafiria liwe na sponji nene, milimita 20 au 25, na iwe ngumu kiasi, isiyobonyea kama mto wa kitandani. Ndani pawe na kiti cha shingo, kile kidude cha sponji kinachofungwa kwa mkanda wa kunasa, ili kichwa kibaki kinaelea. Chini pawe na raba nene, maana kila mtu akishusha kava hulisimika chini, na kuna kile kitufe cha kufungia mkanda kwenye kitako cha gitaa: hutoboa kitambaa kwa mwaka mmoja, kisha kinakuwa cha kwanza kugonga sakafu. Nimeona gitaa kavu limepasuka ubavu mzima kwa kitufe hicho.

Kava zuri la dukani likikushinda bei, kuna njia. Langu la pili lilishonwa na fundi cherahani wa Manzese kwa turubai la lori na kipande cha godoro gumu. Alinipima gitaa kama anavyompima bwana harusi suti, akanicheka, kisha akashona kitu ambacho kimedumu miaka tisa. Zipu tu ndiyo nimebadilisha, mara mbili. Usione uchungu kununua zipu ya chuma.

Jambo moja hakuna kava linaloweza kukufanyia: kukukumbusha urefu wako mpya. Ukiwa umelivaa, kichwa cha gitaa kimepita kichwa chako. Unainama kuingia daladala, wewe unapita, gitaa linagonga fremu ya mlango. Abiria wa nyuma wanakwambia "pole kaka" na moyo wako umeshaanguka. Livue kabla ya mlango, ulitangulize mbele yako kama mtoto.

5. Jua

Dodoma, mwezi wa kumi, tuliacha vyombo ndani ya gari tukaenda kula. Tulikaa saa mbili. Kesi nyeusi, kioo kimefungwa, jua la utosi. Niliporudi, daraja la gitaa kavu, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni, kilikuwa kimeinuka upande mmoja, unaweza kupenyeza karatasi. Gundi za mbao huanza kulegea joto likifika nyuzi 60 na kitu, na gari lililofungwa juani hufika huko bila taabu. Kesi ngumu haikusaidia lolote. Rangi ile nyeusi nadhani ilizidisha.

Unyevu nao una mambo yake. Watengenezaji wa magitaa kavu husema mbao hutulia hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar huwa juu sana ya hapo, na Dodoma ya kiangazi huwa kavu zaidi. Ukitoka Dar kwenda Dodoma mbao inanywea, na ncha za vyuma vya shingoni zinatokeza hadi zinakukwaruza kiganja. Katika hili kesi inayofunga vizuri ina faida ya kweli: ndani yake hewa hubadilika polepole. Ila usifungie humo gitaa lililolowa. Wakati wa masika nililoweshwa kwenye bodaboda, nikafika, nikatupa kila kitu kwenye kesi nikalala. Nyuzi ziliamka na kutu, na mahameli ikanuka ukungu hadi leo.

6. Ndege

Hapa nimepanda mara chache, nasema kwa unyenyekevu. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Dave Carroll, mwanamuziki wa Kanada, ambaye mwaka 2008 gitaa lake la Taylor lilivunjwa safarini kwa ndege kupitia Chicago. Alidai fidia miezi mingi akagonga ukuta, na mwaka 2009 akatoa wimbo kuhusu mkasa huo, ukatazamwa na mamilioni kwenye intaneti. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2012 inayomruhusu abiria kuingia na chombo kidogo kama gitaa iwapo nafasi ya kukiweka ipo anapopanda. Kwetu, nionavyo, mambo huamuliwa pale mlangoni. Navaa kava, napanda mapema, nasalimia kabla ya kuomba: "Habari za kazi dada, naomba unisaidie mahali pa kuliweka hili." Mara tatu kati ya nne nimesaidiwa. Mara ya nne ilikuwa kandege kadogo ka kwenda Zanzibar kasikokuwa hata na rafu juu ya viti. Rubani mwenyewe aliliweka nyuma, juu ya mizigo yote, akanionyesha.

Kwa safari ambayo gitaa lazima liingie tumboni mwa ndege, ni kesi, kitenge chini ya kichwa, na kamba nje kuzunguka mara mbili. Vifungo vya kesi hufunguka vyenyewe vikigongwa.

7. Kesi inaita macho

Katika stendi, kava chakavu halimvutii mtu. Kesi inayong'aa inavutia wezi, na mara moja ilimvutia askari aliyetaka kujua kama ni bunduki. Nilimpigia wimbo mmoja akaniacha.

8. Nafasi huamua kabla yako

Ijumaa tunakwenda Tanga kwa Hiace ya kukodi, watu tisa na vyombo vyote. Jana nimepima buti kwa futi. Spika zikiingia, kesi mbili haziingii. Moja inaingia kwa kuilaza chini ya kiti cha nyuma. Hiyo italibeba lile la Les Paul lenye kovu shingoni, maana limeshaonja Msamvu. Gitaa kavu litakwenda na kava la Manzese. Mpiga besi amekubali kulipakata kutoka Dar hadi mwisho, kwa sharti kwamba tukifika Muheza nishuke mimi kumnunulia machungwa, yeye asiinuke.