Nchi Iliyovunja Mabomu Yake



Jumapili moja baada ya ibada, kijana wa hapa Runazi alitusimamisha mlangoni akauliza: "Shikamoo Mwalimu. Nchi iliyotengwa na dunia, nayo ina bomu la nyuklia, itaachaje bomu hilo bila vita?" Alikuwa akiiwaza Korea Kaskazini, iliyofanya jaribio lake la kwanza mwaka 2006. Tulimjibu kwamba jambo hilo limekwisha kutokea, tena hapa hapa Afrika.

Sisi tuliosoma miaka ya 1970 tuliijua Afrika Kusini kuwa nchi ya Makaburu, isiyotakiwa hata katika michezo. Agosti 1977 setilaiti za Urusi, kisha za Marekani, ziliona maandalizi ya jaribio la bomu katika jangwa la Kalahari. Kelele zikapigwa, jaribio likaachwa. Novemba mwaka ule Umoja wa Mataifa ukapiga marufuku kuiuzia nchi hiyo silaha. Je, kutengwa huko kulitosha? Hata kidogo. Katika miaka ya 1980 waliunda mabomu sita kwa siri, na la saba wakalianza.

Hapa hatuna budi kutulia kidogo. Mabomu yale yalizaliwa na hofu. Majeshi ya Kuba yalikuwa Angola, wapigania uhuru walikuwa mipakani, na watawala walijua wazi kuwa wananchi walio wengi hawakuwataka. Desemba 1988 yakafikiwa mapatano ya kuyaondoa majeshi ya Kuba na kuipa Namibia uhuru wake. Februari 1990 Mandela akatoka gerezani, na mwezi huo huo Rais F. W. de Klerk akaamuru mabomu yavunjwe. Wako wasemao hakutaka kuwaachia Waafrika silaha zile. Huenda ni kweli, nasi hatumpi sifa zote. Lakini yalivunjwa.

Tena kuvunja peke yake hakukutosha. Julai 1991 Afrika Kusini ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ikakaa kimya juu ya yaliyopita. Wakaguzi wa kimataifa walipopiga hesabu ya urani, maswali yakabaki. Ndipo tarehe 24 Machi 1993 de Klerk akakiri bungeni. Milango ikafunguliwa, wakaguzi wakasoma madaftari ya kiwanda ya miaka mingi, na visima vya majaribio kule Kalahari vikaharibiwa mbele ya macho yao. Mwalimu yeyote anajua tofauti ya mwanafunzi asemaye "nimemaliza" na yule aletaye daftari.

Nchi za Afrika zilikuwa zimetamka tangu mkutano wa Cairo wa 1964 kuwa hazizitaki silaha hizi, maana Ufaransa ilikwisha kulipua bomu Sahara mwaka 1960. Aprili 1996, Cairo tena, Tanzania na wenzake wakatia saini Mkataba wa Pelindaba. Jina hilo ni la kituo cha atomiki karibu na Pretoria, na maana yake ni kwamba mazungumzo yamekwisha. Lakini yalikuwa bado! Zilitakiwa nchi 28 kuuridhia, na ikachukua miaka 13.

Nchi ya 28 ilikuwa Burundi, jirani yetu wa Ngara, tarehe 15 Julai 2009. Aprili ya mwaka uleule, waasi wa mwisho wa FNL walikuwa ndiyo kwanza wameweka bunduki zao chini.